Neno "get" la Kiingereza: mwongozo kwa wanaohudumia wageni Mombasa

Mwulize mtu yeyote aliyesoma Kiingereza Mombasa maana ya "get", atakujibu: kupata. Jibu si la uongo, ila halimfikishi mtu mbali. Mgeni akiteremka treni ya Madaraka pale Miritini, mpaka aingie chumbani kwake Nyali atakuwa amelitamka neno hilo mara nyingi, na mara nyingi kati ya hizo hakuna kitu kinachopatikana. Atauliza "How do I get to Nyali?" Atalalamika "It's getting hot." Ataomba "Let me get my bag." Atasimulia "We got lost in Nairobi." Dereva wa tuktuk anayetia "kupata" kila pahali atabaki akikisia, na kukisia kazini kunachosha.

Mwongozo huu nimewaandikia madereva hao, wahudumu wa hoteli za Bamburi na Shanzu, waongozaji wa Fort Jesus, wauzaji wa ufukweni, na wanafunzi wa sekondari wanaotaka Kiingereza kisichoyumba. Ninalotaka mlishike ni hili: kazi zote za "get" mnazijua tayari, kwa sababu Kiswahili kinazifanya kila siku. Tofauti iko katika mahali pa kuzifanyia. Mwingereza hutanguliza "get" kisha akataja jambo; sisi huligeuza jambo lenyewe kwenye mkia wa kitenzi. Lowa, potea, kasirika, ibiwa, shonesha, oana: vyote hivi Kiingereza cha mazungumzo huvisema kwa "get".

Hatua ya kwanza: sikiliza neno linalofuata

Maana ya "get" haikai ndani ya "get". Inakaa upande wake wa kulia. Likifuatwa na jina la kitu, ni kupata na jamaa zake: kupokea, kuleta, kununua, kuchukua. Likifuatwa na neno la hali, kama "wet" au "tired", ni kuingia katika hali hiyo. Likifuatwa na mahali, ni kufika. Likifuatwa na kitenzi kama "robbed" au "stung", ni kutendwa. Likifuatwa na jina la mtu, kisha "to" na kitenzi, ni kumshawishi mtu huyo afanye jambo.

Chukua kijitabu kidogo kinachoingia mfukoni. Kila usikiapo "get" kwa mgeni, andika sentensi nzima, kisha pigia mstari neno lililofuata. Usiandike tafsiri kwanza. Baada ya wiki chache utaona sentensi zinajipanga zenyewe katika makundi, na hapo ndipo tafsiri itakapokuwa rahisi. Nimeona njia hii ikiwasaidia hata watu ambao hawakumaliza shule, kwa sababu haidai kanuni za sarufi. Inadai sikio tu.

Kuhusu sikio: usitegemee kuisikia "t" ya mwisho ikiwa wazi. Mwingereza huunganisha "get up" ikasikika kama neno moja, "getap". Mmarekani huilegeza hiyo "t" ikakaribia "r" yetu nyepesi, "gerap". Na wakati uliopita ni "got", kamwe si "getted".

Hatua ya pili: "get" na kitu

Hapa si pagumu, lakini wahudumu wa meza wana mitego yao mitatu. Mteja akisema "Can you get me a towel?" anakuomba umletee taulo. "Me" inayofuata inafanya kazi ya -ea ile ya "kuletea", kumfanyia mtu jambo. Akisema "Can I get a coffee?" anaagiza kahawa, wala hakuulizi kama kahawa hupatikana hapo. Usemi huu umezagaa sana kwa vijana na Wamarekani, wazee wa Kiingereza wengi hupendelea "Can I have a coffee?" na wewe ukiwa ndiye mteja, hiyo ya pili ndiyo yenye adabu zaidi.

Wa tatu ndio unaohusu pesa. Wageni wawili wamemaliza kula, bili imewekwa mezani, mmoja anasema "I'll get this." Maana yake: nitalipa mimi. Mpe yeye bili. Vivyo hivyo simu ikilia mapokezini na mwenzako akasema "I'll get it", anamaanisha ataipokea yeye. Na mlango ukibishwa, ataufungua yeye.

Kuna pia "get" ya kuelewa: "I get it", nimeelewa. Hapa kwetu watu wengi hupenda kuuliza "Are you getting me?" Kenya nzima tunaelewana kwa swali hilo, lakini mgeni kutoka Uingereza linaweza kumkwaza kidogo. Sema "Do you get what I mean?" au, kwa heshima zaidi, "Is that clear?"

Hatua ya tatu: "get" na hali

Hapa ndipo msemaji wa Kiswahili anapoweza kupiga hatua kubwa, kwa hiyo nitakaa hapa.

Kiswahili kina vitenzi vingi ambavyo ndani yake mna mabadiliko. Kuchoka ni kutoka hali ya nguvu kuingia hali ya uchovu. Kulowa ni kutoka ukavu kuingia umajimaji. Kuzeeka, kunenepa, kukonda, kukauka, kupona, kuugua, kulewa, kukasirika, kupotea: vyote ni safari kutoka hali moja hadi nyingine. Kiingereza nacho kina vichache vya namna hiyo, lakini katika mazungumzo hupenda kuchukua neno la hali na kulitia "get" mbele. Hivyo kuzeeka ni "get old", kulowa ni "get wet", kupona ni "get better", kuugua ni "get ill" kwa Waingereza na "get sick" kwa Wamarekani.

Sasa angalia nyakati, maana makosa mengi hutokea hapo. Kiswahili husema "nimechoka" kwa hali uliyo nayo sasa. Usiitafsiri kwa "I have got tired." Nimechoka ni "I'm tired." Nilichoka, yaani uchovu ulinipata wakati fulani, ni "I got tired." Naanza kuchoka ni "I'm getting tired." Pima na nyingine: amelewa ni "He's drunk", alilewa ni "He got drunk", anaanza kulewa ni "He's getting drunk." Tumepotea, huku mmesimama katikati ya vichochoro vya Mji wa Kale hamjui pa kutokea, ni "We're lost." Tulipotea, mnaposimulia jioni, ni "We got lost." Kwa ufupi, -me- ya vitenzi hivi huenda kwa "am, is, are", -li- huenda kwa "got", na mabadiliko yanayoendelea huenda kwa "getting".

Mwenye mashua anahitaji sentensi hizi zaidi ya mtu yeyote. Bahari ikianza kuchafuka: "The sea is getting rough." Msimu wa kusi mgeni akiuliza kwa nini safari imeahirishwa: "When the kusi blows, the sea gets rough." Jua likikaribia kuzama na watu bado wanaogelea: "It's getting dark, let's go back." Ukitaka kumwonya mgeni anayelala mchangani saa sita mchana bila kujipaka kitu: "You'll get sunburnt." Yote haya tungeyasema kwa kitenzi kimoja: inachafuka, linakuchwa, utaungua.

Angalia pia kuoa na kuolewa. Sisi tunatenganisha: mwanamume huoa, mwanamke huolewa, wote wawili huoana. Kiingereza hakijali. Bwana harusi "got married", bi harusi "got married", na wawili kwa pamoja "got married". Ukimtaja mwenzake, tumia "to": "She got married to a man from Lamu." Wengi wetu tunasema "married with" kwa sababu ya "na" yetu, iache hiyo.

Na kuzoea ni "get used to". Mgeni akilalamikia joto la Februari, mfariji: "You'll get used to it." Kikifuata kitenzi, kitie -ing: "You'll get used to eating with your hand."

Hatua ya nne: "get" na mahali, na vyombo vya usafiri

Njiani, "get to" ni kufika. Mfano wa kuelekeza mtu kwa miguu kutoka Fort Jesus hadi penye zile pembe za ndovu za Moi Avenue: "Go along Nkrumah Road until you get to Digo Road. Cross over. Keep walking on Moi Avenue until you get to the tusks." Jifunze kwa moyo sentensi za namna hii kwa mtaa wako mwenyewe, maana hizo ndizo utakazoulizwa.

Ila "to" huanguka mbele ya "home", "here" na "there": "get home", "get here", "get there". Kwa Kiswahili ni kama tofauti ya kusema "hadi sokoni" na kusema "huku" tu.

Halafu kupanda na kushuka. Kiswahili kina kupanda kwa vyombo vyote: tunapanda tuktuk, tunapanda boda, tunapanda feri, tunapanda ndege. Kiingereza kinagawa mara mbili, na mgawo wake una mantiki. Chombo unachojikunja kuingia na kukaa papo hapo, ni "get in" na "get out": gari dogo, teksi, tuktuk, mtumbwi. Chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, ni "get on" na "get off": basi, treni, feri ya Likoni, meli, ndege. Matatu nayo, kwa kuwa ni chombo cha abiria kama basi, husemwa "get on" na "get off", japo ndani ya zile ndogo unainama. Na kila unachokipanda kwa kutanua miguu ni "get on" pia: baiskeli, boda, farasi, hata ngamia wale wanaotembezwa ufukweni.

Kwa hiyo dereva wa tuktuk husema "Get in, please", na wa boda husema "Get on." Tia "please". Amri tupu "Get in!" husikika kama ya askari. Na usiseme kamwe "Get out!" kwa abiria uliyemfikisha. Kwa Mwingereza ni kama umemfukuza. Sema "Here we are" au "You can get out here." Kwa abiria wa basi: "This is where you get off." Kuna msemo mwingine mkali unaofanana na maneno yetu ya kawaida: "Get lost!" Si kupotea, ni tusi la "potelea mbali". Mgeni aliyepotea njia mwambie "Are you lost?", nawe utakuwa umemsaidia bila kumkera.

Ipo pia "get to" inayofuatwa na kitenzi, na hii si ya kufika. Ni ya kubahatika. Wageni waliotoka Wasini wakisema "We got to see dolphins", maana yake walijaaliwa kuwaona pomboo. "Did you get to swim?" ni "mlibahatika kuogelea?"

Hatua ya tano: kutendwa

"He got arrested." "I got stung by a bee." "My phone got stolen." Haya ni alikamatwa, niliumwa na nyuki, simu yangu iliibwa. Kiswahili kina -wa moja tu kwa kutendwa; Kiingereza kina mbili, "was" na "got", na mara nyingi zote zinaeleweka. Tofauti ni kwamba "got" hupenda jambo lililotokea ghafla, mara nyingi baya au lisilotarajiwa, na hupenda mdomo zaidi ya karatasi. Pia haikubali hali ya kudumu: mtu anayependwa na watu wote ni "loved by everyone", hakuna "got loved".

Waongozaji wa Fort Jesus hili liwahusu. Mnaposimulia historia, tumieni "was". "The fort was built by the Portuguese. Work began in 1593." "It was designed by Giovanni Battista Cairati." "It was taken by the Omanis in 1698, after a long siege." "Under the British it was used as a prison." Ukisema "the fort got built", mgeni ataelewa, lakini masimulizi yote yatapungua uzito, kana kwamba ngome ile iliota kwa bahati mbaya. Weka "got" kwa vituko vya leo: "A tourist got locked inside", iwapo kweli amefungiwa.

Hatua ya sita: kazi iliyofanywa na fundi

Hili ndilo kosa ninaloliona kila siku, hata kwa watu wanaozungumza Kiingereza vizuri. Mtu amepeleka simu kwa fundi, imetengenezwa, anasema "I repaired my phone." Kwa Mwingereza, mwenye simu ndiye fundi. Kama kazi umefanyiwa, sema "I got my phone repaired." Muundo ni huu: "get", halafu kitu, halafu kitenzi katika umbo la tatu, kama "repaired", "made", "cut", "washed".

Kiswahili kinalijua jambo hili vyema. Kuna kushona na kuna kushonesha; kuna kutengeneza na kuna kutengenezesha; kuna kunyoa na kuna kunyolewa. Unapotaka kujua kama utumie "get", jiulize kwa Kiswahili: nilishona au nilishonesha? Kama ni nilishonesha kanzu Mji wa Kale, basi "I got a kanzu made in Old Town." Nilinyolewa ni "I got my hair cut." Nilioshesha gari ni "I got the car washed." Unaweza pia kutumia "had" badala ya "got", ina heshima kidogo zaidi na maana haibadiliki.

Ukimtaja fundi mwenyewe, muundo hubadilika na "to" huingia: "I got the tailor to finish it by Friday." Hapa kuna kazi ya kusihi: nilimbembeleza fundi aimalize isizidi Ijumaa, akakubali. Mpangaji safari anayesema "I got the captain to wait for you" anamweleza mgeni kwamba nahodha hakutaka kungoja, ila ameombwa akakubali. Linganisha na "I made the captain wait", isiyo na "to", inayoleta maana ya kulazimisha.

Hatua ya saba: "have got" na "gotten"

"I've got two rooms" ni nina vyumba viwili, sasa hivi. "I've got to go" ni lazima niende. Zote zina "got", lakini si za wakati uliopita hata kidogo, na ndiyo sababu zinawatatiza wanafunzi. Kwa jana, tumia "I had two rooms" na "I had to go."

Wamarekani wana "gotten" ambayo shuleni kwetu husahihishwa kwa kalamu nyekundu, kwa kuwa tunafuata Kiingereza cha Uingereza. Si kosa kwao. Wanaitumia kwa kupata au kugeuka: "I've gotten a ticket" ni nimeshapata tiketi, ilhali "I've got a ticket" ni ninayo tiketi. Ukiisikia, ielewe, kwenye mtihani, usiiandike. Hata Waingereza wameibakisha ndani ya "forgotten", neno lenye asili moja na "get". "Get" yenyewe iliingia Kiingereza kutoka lugha ya kale ya Skandinavia, ambako ilikuwa "geta".

Hatua ya nane: viambata vidogo

Viambata, yaani maneno madogo kama "through" na "up" yanayoandamana na "get", havina njia ya mkato. Jifunze vinavyohusu kazi yako, uache vingine vije kwa kusikia. Mtu wa mapokezi aanze na "get through", kupatikana kwa simu: "I couldn't get through to your room." Kisha "get back to", kumrudia mtu na jibu: "I'll get back to you this evening." Ukisema hivyo, rudi kweli, kwani mgeni ataihesabu kuwa ahadi. "Get up" ni kuamka. "Get over" ni kupona au kusahau machungu. "Get on with" ni kupatana na mtu. "Get by" ni kujikimu. "Get rid of" ni kuondoa, na mgeni akiitumia kuhusu mende chumbani, haraka inahitajika.

Hatua ya tisa: mahali pa kuliacha

Barua ya kuomba kazi, ripoti ya tukio, malalamiko yanayokwenda kwa meneja, insha ya mtihani: humo punguza "get" kadiri uwezavyo. Si kosa la sarufi, ila ni neno la mdomo, na likirudiwa kila mstari msomaji hudhani mwandishi ameishiwa. Andika rasimu yako kama inavyokujia, kisha pita na kalamu. Penye kupokea weka "receive": "I received your letter." Penye kupata kwa juhudi weka "obtain": "I obtained a certificate in housekeeping." Penye kufika weka "arrive" au "reach", ukikumbuka kwamba "reach" haitaki "to" na "arrive" hutaka "at" au "in". Penye kugeuka weka "become": "The guest became ill at about 9 p.m." Penye kutendwa weka "was": "The bag was stolen from the beach."

Penye maneno ya mtu mwingine uliyoyanukuu, usiguse. Mgeni akimwambia mlinzi "I got robbed", ripoti iandike hivyo hivyo ndani ya alama za kunukuu, kwa kuwa huenda polisi wakahitaji kujua alisema nini hasa.